Filamu Iliyopigwa Nyumbani kwa Mama

Kaka yangu alirudishwa Robanda ndani ya jeneza lililopigwa misumari. Alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu upande wa Tarime, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, na udongo ukawaporomokea wakiwa ndani ya duara, yaani lile shimo refu la kwenda chini kufuata mwamba. Baba mdogo ndiye aliyekwenda kumchukua. Aliposhuka kwenye gari alimwambia mama maneno mawili tu: "Shemeji, tusilifungue."

Mama hakuuliza kwa nini. Aliweka kiganja chake juu ya ubao, akakiacha hapo mpaka wanawake walipomwondoa taratibu. Tulizika nyuma ya nyumba, pembeni ya kaburi la baba, na kabla matanga hayajaisha mama alichukua jembe akaenda kupalilia mtama.

Watu walimsifu, wakasema huyu ni mwanamke wa kweli. Mimi wakati huo nilikuwa mpishi katika kambi moja ya watalii pembeni mwa hifadhi, na kila nilipopata mapumziko nilirudi nyumbani na kumkuta vilevile: anafagia uwanja, anafukuza nyani shambani, anakula kidogo, analala. Jina la kaka hakulitaja hata mara moja. Nilidhani hiyo ndiyo namna yake ya kulia, nikaiheshimu.

Kiangazi cha mwaka uliofuata wakaja watu wa filamu kutoka Mwanza. Hawakuwa na kampuni kubwa nyuma yao. Walikuwa na kamera moja, taa chache, jenereta la kukodi, na watu wa kujaza gari moja. Aliyewaongoza, wenzake wakimwita dairekta, alikuwa dada mwembamba mwenye sauti ya chini ambaye hadithi yote aliitunga mwenyewe. Viongozi wa kijiji walimtembeza nyumba kwa nyumba, na alipofika kwetu akasimama mlangoni akatazama nje. Mlango wa mama unatazama mbuga tupu. Ukisimama pale huoni paa jingine mpaka macho yachoke.

Siku alipokuja kuomba ruhusa nilikuwepo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Tunaomba kupigia filamu hapa kwako. Ila lazima nikwambie ukweli. Ni hadithi ya mama aliyefiwa na mwanawe wa kiume. Nimeambiwa na wewe yamekukuta. Ukikataa, hatutakulaumu."

Mama akauliza, "Kwa hiyo hapa kuna mtu atalia?"

"Atalia, ndiyo. Kwa kuigiza."

"Basi na alie," mama akasema. "Hapa hajalia mtu siku nyingi."

Kambini kwetu wageni walikuwa wamepungua na baadhi yetu wapishi tukapewa likizo, hivyo dairekta akaniomba niwapikie watu wake. Ndivyo ilivyotokea nikaona mambo yote kwa macho yangu, tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho.

Hadithi yenyewe alinieleza nikiwa namenya viazi. Mama mmoja anafiwa na mwanawe, halafu kila jioni anamsikia mwanawe huyo akibisha hodi na kuomba afunguliwe. Mtazamaji hajui kama huyo mama amerukwa na akili, au kama kijiji kizima kinamficha jambo. "Ni filamu ya hofu," alisema, "lakini hofu ya ndani ya kichwa. Hakuna jini, hakuna damu." Akaniambia kwamba baba yake alipofariki, mama yake aliendelea kumtengea sahani mezani karibu mwaka mzima, naye akiwa binti mdogo alikuwa anaogopa kukaa karibu na kile kiti. Nilimwona ni mtu anayejua anachokisema.

Walikuwa wakipiga picha za usiku mchana. Waliziba madirisha yote kwa mablanketi mazito, wakawasha taa moja ndogo kona ya chumba, na ndani kukawa usiku wa manane ilhali nje jua la saa sita lilikuwa linachoma. Mara nyingine niliingia na chai nikasahau ni saa ngapi. Aliyeigiza mama alikuwa mwanamke wa makamo, mcheshi sana kamera ikizimwa, na ikiwashwa ungedhani msiba ni wake. Aliyeigiza mtoto alikuwa kijana wa Kisukuma, mpole, mwenye adabu za kupokea sahani kwa mikono miwili.

Hakufanana na kaka yangu. Nalisema hili kwa sababu kila ninayemsimulia huniuliza. Kaka alikuwa mfupi, mweusi, mwenye mwanya. Huyu alikuwa mrefu, maji ya kunde, meno yamebanana. Hakukuwa na chochote cha kumchanganya mtu.

Nadhani ilianza kwa lugha. Asubuhi moja kijana alikaa kwenye kivuli cha ghala akisoma maneno yake, mama akampita na ndoo, akamwambia kitu kwa Kiikoma, lugha yetu ya nyumbani. Kijana hakuelewa, lakini kwa heshima akaitikia, "Ee, mama." Mama akasimama. Akamwambia kitu kingine, kirefu zaidi. "Ee, mama," akaitikia tena, huku anatabasamu. Nilikuwa jikoni na nilisikia vizuri. Mama alikuwa amemuuliza kama njia ya kutoka Tarime ilikuwa nzuri, halafu akamuuliza kama bado kifua kinamuuma. Kaka alikuwa na shida ya kifua tangu utotoni.

Nilijiambia mama ametania. Mama hakuwa mtu wa utani.

Siku hiyohiyo, au kesho yake, wakapiga ile sehemu ya mlango. Kijana alisimama nje uwanjani, yule mwigizaji alikuwa ndani amekaa chini, mgongo ameuegemeza mlangoni ili usifunguke, na kamera ikimtazama usoni. Kijana alibisha.

"Mama, nifungulie. Mama, ni mimi."

Mwigizaji akaziba masikio. Dairekta akasema kata, wakarudia. "Mama, nifungulie." Wakarudia tena, maana ndege fulani ilipita kuelekea hifadhini ikaharibu sauti. Kila aliporudia, kijana alizidi kuomba, na mara ya mwisho sauti yake ilikatika kabisa kama mtu aliyechoka kweli.

Mama alikuwa amekaa jikoni kwangu akichambua mchicha. Aliinuka, akaingia nyumbani kwa mlango wa nyuma, akapita katikati ya nyaya na taa bila kugusa hata moja, akamshika yule mwigizaji bega akamsogeza kando kama unavyomsogeza mtoto aliyekaa njiani. Akafungua mlango.

Mwanga wote wa mchana ukaingia mle ndani.

"Ingia," mama akamwambia kijana kwa Kiswahili. "Wanakuacha unabisha namna hii, na mimi nipo. Umekonda, mura."

Mura ni kijana wa kiume, na kwa kawaida huitwa hivyo na watu wake. Mama hakuwa amemwita mtu yeyote hivyo tangu msiba. Mtu mmoja alicheka, halafu akanyamaza. Yule wa sauti akavua vile visikizio masikioni. Dairekta hakusema kata. Alisimama amejishika mdomo, na kamera ikaendelea.

Kijana akaingia. Angefanya nini?

Kuanzia hapo mama akawa na mtoto. Alimtengea chakula pembeni, akamkataza kula cha sufuria kubwa na wenzake. Alimtolea blanketi la kaka. Kijana alipojibu kwamba haelewi Kiikoma, mama hakustuka hata kidogo. Aliniambia, "Amekaa sana na watu wa mbali kule machimboni. Lugha imempotea. Itarudi." Kila kitu kilikuwa na jibu lake. Kuhusu urefu alisema watu hurefuka. Kuhusu mwanya alisema wapo mafundi wa meno mjini.

Nilimvuta kijana pembeni. "Ndugu yangu, nakuomba, akikuita usiitike."

"Dada, nilijaribu jana," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilimwambia mama mimi siye, mimi nimezaliwa Sengerema. Alipiga magoti mbele yangu akaniuliza nimemkosea nini. Mama wa watu, amepiga magoti! Nifanyeje?"

Nilimletea maji anawe uso.

Dairekta alisimamisha kazi. Alikuja kukaa na mimi jikoni akalia, akasema watafungasha waondoke. Nikamuuliza, wakiondoka na huyu kijana leo, mama itakuwaje? Wakibaki, itakuwaje? Tulikaa pale, watu wazima wawili, maji ya ugali yakachemka mpaka yakakauka.

Tulimpeleka mama Mugumu hospitali. Alikubali kwa sababu tulimwambia ni presha. Daktari alikuwa kijana mwenye subira, akamsikiliza mama kwanza peke yake, kisha akaniita. Akasema huzuni ikifungiwa ndani sana hutafuta pa kutokea. Akaandika dawa za kumtuliza. Kisha akanipa maelekezo: "Msibishane naye. Lakini pia msimkubalie."

"Sasa tukiwa naye tuseme nini, daktari?"

"Kaeni naye tu," akasema.

Baba mdogo hakuridhika na hayo. Alimshika mama mkono akampeleka nyuma ya nyumba hadi kaburini. "Shemeji, mwanao yuko hapa. Mimi ndiye niliyemleta."

"Ulimwona uso?" mama akauliza.

Nilikuwa nyuma yao, nikasubiri jibu lake kama mama alivyolisubiri. Baba mdogo akasema aliona viatu. Aliona shati. Uso ulikuwa umefunikwa, na wachimbaji wenzake marehemu walimwambia, mzee, usitazame, utaondoka na picha mbaya. Naye hakutazama.

"Basi," mama akasema, kwa upole kabisa, na akarudi ndani.

Sasa niseme kilichonipata mimi. Nilirudi jikoni. Nilijua kaka amekufa. Lakini kwa mara ya kwanza nikajikuta nauliza, nani alimwona? Machimboni kuna watu kutoka kila mkoa, wanaazimana nguo, wanalala vibanda vimoja. Viatu ni viatu. Niliwaza hivyo usiku kucha, na asubuhi nikajiona niko kwenye ukingo wa shimo lilelile alimotumbukia mama.

Nikaondoka kwenda Tarime. Nilimtafuta mtu mmoja aliyekuwa akichimba na kaka duara moja, kijana wa Geita ambaye alikuja mazikoni akasimama mbali. Kwenye vijiwe vya bodaboda vya Tarime nikaambiwa ameacha uchimbaji, ameoa, yuko Busawe, upande wetu, analima. Nikageuza nikarudi Busawe, nikamkuta anapukuchua mahindi na mkewe. Aliponiona alinitambua, akaweka chini gunzi alilokuwa ameshika.

Sikuzunguka. Nilimuuliza, "Uliiona sura yake?"

"Dada, mimi ndiye niliyemfukua," akasema. "Kwa mikono hii. Nilimfuta udongo usoni kwa fulana yangu. Alikuwa na mwanya. Nilimfumba macho. Mwenzio bado namwota." Kisha akaniuliza, "Kwani kuna nini nyumbani?"

Nililia pale uwanjani kwake, na sehemu ya machozi hayo, Mungu anisamehe, ilikuwa ya nafuu. Shimo langu lilikuwa limefukiwa. Nikamwomba aje amwambie mama maneno hayohayo. Alikubali bila kusita.

Tulifika Robanda mchana. Mama alimkaribisha, akampa kigoda na uji. Yule kijana wa Geita alimwamkia, kisha akamsimulia yote, polepole, tangu udongo ulivyoanza kudondoka mpaka alivyomfumba marehemu macho. Hakuficha kitu. Sauti yake ilitetemeka lakini alimaliza. Mama alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na machozi yakamtoka. Nikasema moyoni, asante Mungu, anaelewa.

Mama akajifuta kwa khanga. "Pole sana mwanangu," akamwambia. "Umebeba mzigo mkubwa. Na huyo uliyemtoa, mama yake amejulishwa? Maana sisi tumemzika hapa kwetu, na huko kwao wanamsubiri."

Yule kijana alinitazama. Sijasahau alivyonitazama. Akaacha uji wake nusu, akaaga.

Watu wa filamu waliahirisha kuondoka, wakamaliza picha zilizobaki kwa haraka, nyingi wakazipigia kando ya kijiji, mbali na nyumba. Siku ya kuondoka tulikuwa tumejiandaa kwa kilio. Dairekta alikuwa amemwomba muuguzi wa zahanati awepo. Hakukuwa na kilio chochote. Mama alimfungia yule kijana wa filamu kuku wa kukaanga na mihogo, akamshika mikono yote miwili. "Usiingie tena kwenye maduara," akamwambia. "Kazi nyingine zipo."

"Sitaingia, mama," kijana akasema, na hilo angalau halikuwa uongo. Gari lilipoondoka alikuwa ameinamisha kichwa magotini.

Mama alipunga mkono, akaenda kufua.

Kijana alikuwa akipiga simu. Mwanzoni mara kwa mara, na mama aling'aa siku nzima baada ya kila simu. Halafu akanipigia mimi, akaniomba nitoke nje ili mama asisikie. "Dada, siwezi tena," akasema. "Nikimpigia mama yangu mwenyewe naona nadanganya. Nikimpigia mama yako naona nadanganya. Sijui mimi ni mtoto wa nani sasa." Nilimwambia aache, na nikamwambia asijilaumu. Mama aliposubiri simu isije, alisema mtandao wa machimboni ni mbovu.

Dawa zilimfanya alale sana na mikono ikawa inatetemeka. Daktari akazibadilisha. Usingizi ukapungua, lakini mtoto wake akabaki palepale. Wachungaji wa kanisa walikuja kumwombea. Shangazi akasema ni mizimu, akataka tambiko lifanyike, likafanyika, mbuzi akachinjwa na mama mwenyewe akasaidia kugawa nyama, huku akiulizia fungu la mwanawe. Nikaacha kazi ya kambini, kwa kuwa siku moja majirani walimkuta amesimama barabarani tangu asubuhi akisubiri basi la Tarime, wakati mtama wake shambani unaliwa na tembo.

Filamu ilipokamilika, dairekta alikuja mwenyewe na kompyuta yake. Alisema ile picha ya mama kufungua mlango imo kwenye kamera, na wote walioiona wanasema ndiyo moyo wa filamu nzima, lakini hatathubutu kuwaonyesha watu bila ruhusa yetu. "Ukisema nifute, nafuta hapahapa mbele yako," akaniambia. Nilimjibu kwamba wa kuombwa ruhusa si mimi.

Tukaziba dirisha kwa blanketi. Mama akakaa kwenye kigoda, miguu ameikunja, na filamu ikaanza. Alitazama kwa makini kama mtu anayesikiliza kesi. Yule mwigizaji alipolia, mama akatikisa kichwa. Yule kijana alipotokea, nilimgeukia mama, lakini hakuonyesha dalili ya kumtambua. Kisha ikafika pale. Mlango ukafunguka, mwanga ukaingia, na mama yangu akawa kwenye kioo cha kompyuta, amenyoosha mkono, uso wake una furaha ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Wala hakujitambua. Alisogea karibu na kioo.

"Masikini mwanamke huyu," akasema. "Mwanawe amekufa, naye hajui."

Dairekta alitoka nje. Mimi nilibaki, nikamshika mama mkono, nikamwita. Nilidhani huo ndio upenyo, kwamba amefika mlangoni na kilichobaki ni mimi kumsukuma kidogo tu. "Mama," nikasema, "na huyo mwanamke, mtu angemsaidiaje?"

Alifikiri kwa dhati. Nilimwona akifikiri.

"Hakuna," akasema. "Utamsaidiaje mtu wa namna hiyo? Ni kumwonea huruma tu." Kisha akainuka kwenda kuchota maji.

Dairekta hakuiweka ile picha. Aliniambia alishindwa, ingawa mama alikuwa amemruhusu kwa kusema afanye atakavyo. Filamu ilionyeshwa Mwanza, nikasikia watu walitoka ukumbini kimya na wengine walibaki vitini taa zilipowashwa. Alinialika. Nilitamani kwenda, hata nguo nilishachagua, lakini hakukuwa na mtu wa kumwachia mama.

Sasa tunaishi hivi. Asubuhi anafagia uwanja na mimi nakwenda shamba. Muuguzi hupita kila mwezi, anamuuliza maswali, na mama humjibu yote sawasawa: leo siku gani, kijiji gani, nani anaongoza nchi. Majirani humwona mzima, humletea hata ugomvi wao awaamulie, na huwaamulia kwa haki. Wakati wa chakula napika cha watu watatu. Nilipinga kwa miezi, nikachoka. Sahani ya tatu tunaifunika, na jioni, akiwa anaoga, namwagia kuku. Akirudi huitazama sahani tupu na kuniambia, "Leo amekula vizuri."

Nami hujibu, "Ee, mama."